MSAMARIA ALIONDOKA ASUBUHI
Somo la familia: daktari wa watoto anayejitolea, na sisi tunaobaki

Mafungu ya kusoma kabla ya somo: Luka 10:25-37, 2 Wafalme 5:1-14, Marko 2:1-5.



Somo la mara hii limetokana na neno tunalolisikia kwenye foleni ya maji na hata mlangoni mwa kanisa: "Yule daktari wa watoto atarudi lini?" Daktari mgeni anapokuja kujitolea kwa majuma machache, akina mama wanajipanga tangu alfajiri. Akiondoka, wengine wanawarudisha watoto nyumbani na kusema watangoja mwingine. Muuguzi yupo, dawa ya kuhara ipo, lakini mama anangoja. Na mtoto mdogo hawezi kungoja. Mtoto aliyeshikwa na kipindupindu anaweza kufa katika saa chache. Ndiyo maana tumeona vema tulifungue Neno la Mungu na kujiuliza: huyu anayetoka mbali kuwatibu watoto wetu ametumwa kufanya nini? Na sisi tunaobaki tumetumwa kufanya nini?

1. KWETU KANDO YA ZIWA

Wengi wetu tulitoka ufuko wa Tanganyika: Gitaza, Magara, Minago, Rumonge, hata Nyanza-Lac. Tunajua maisha ya kule. Gitaza iko kando ya barabara ya Bujumbura kwenda Rumonge, ziwa upande mmoja na vilima vya Muhuta upande mwingine. Mwaka 2015 mvua iliporomosha udongo wa vilima vile, ikaua watu na kuacha familia bila nyumba. Ziwa linatupa samaki na ndagala, lakini pia lina hatari yake. Mwaka 1992 kipindupindu kilipoipiga Rumonge, wataalamu waliofuatilia waliona kwamba ugonjwa uliwashika zaidi waliokunywa maji ya ziwa na walioogelea humo. Maji yanayotulisha ndiyo yaliyotuua.

Tunakumbuka pia habari ya fedha. Zamani mgonjwa aliyeshindwa kulipa aliweza kuzuiliwa hospitalini hata baada ya kupona, mama na mtoto mchanga wake wakikaa humo kama wafungwa mpaka ndugu walete franga. Mwezi Mei 2006 serikali ya Burundi ilitangaza kwamba watoto chini ya miaka 5 na akina mama wanaojifungua watatibiwa bure. Lilikuwa jambo jema sana. Lakini malipo yakiondolewa, wagonjwa wanaongezeka, na wauguzi, vitanda na dawa haviongezeki kwa siku moja.

Hapo ndipo anapofikia daktari wa kujitolea.

2. NI KAZI GANI ANAYOIKUTA?

Daktari wa watoto amesoma miaka mingi kwa sababu mtoto si mtu mzima mdogo. Dawa yake hupimwa kwa uzito wake, na kosa dogo la kipimo linaweza kumdhuru. Huko alikosomea, mashine humhesabia mapigo ya moyo, na maabara humjibu kabla ya jua kuzama. Anapofika katika hospitali yenye uhaba anakuta watoto wawili au watatu katika kitanda kimoja. Mashine ya oksijeni ipo, lakini umeme ukikatika inanyamaza. Kipimo anachokihitaji hakipo. Inambidi atumie macho, masikio na vidole.

Anahesabu pumzi za mtoto kwa dakika nzima. Kichanga chini ya miezi 2 akifikisha pumzi 60, mtoto wa miezi 2 hadi mwaka mmoja akifikisha 50, au wa mwaka 1 hadi 5 akifikisha 40, hiyo ni ishara ya kichomi. Anafinya ngozi ya tumbo aone kama inarudi haraka au inabaki imekunjamana kwa kukosa maji. Anatazama kama mbavu zinaingia ndani mtoto avutapo hewa. Mambo haya muuguzi wetu naye anayajua. Hayahitaji mgeni wala mashine. Yanahitaji mtu aliyefundishwa na mwenye utulivu wa kutazama.

Tena mgeni naye huja kujifunza. Mwaka 2011 yalitolewa matokeo ya utafiti mkubwa uliofanyika Kenya, Uganda na Tanzania, kwa watoto zaidi ya 3,000 waliofika hospitalini na homa kali na damu isiyozunguka vizuri. Hawakuwa watoto wa kuhara. Madaktari wa nchi tajiri walizoea kuwapa watoto wa namna hiyo maji mengi ya mshipani kwa haraka. Utafiti ukaonyesha kinyume. Kati ya waliopewa maji ya haraka, walikufa 10 hadi 11 katika kila 100 ndani ya siku 2. Kati ya wasiopewa maji hayo ya haraka, walikufa 7 katika kila 100. Jambo lililoonekana jema katika vitabu vya mbali liliwadhuru watoto wa hapa.

Ndugu mzazi, shika neno hili. Kwetu tunaamini kwamba serumu, au dripu kama wasemavyo Tanzania, ndiyo dawa ya juu kuliko zote, na muuguzi asipoiweka tunanung'unika kwamba mtoto hakutibiwa. Wakati mwingine muuguzi anayekataa kuiweka ndiye anayemwokoa mtoto wako.

3. MSAMARIA NA MWENYE NYUMBA YA WAGENI

Sasa tuifungue Luka 10. Habari hii tunaijua tangu shule ya Jumapili, lakini mara nyingi tunaishia pale Msamaria anapompandisha majeruhi juu ya mnyama wake. Tuendelee kusoma.

Msamaria alikuwa mgeni katika njia ile, mtu wa kabila lisilopendwa. Alimwona majeruhi, akamkaribia, akatumia alichokuwa nacho mkononi: mafuta na divai. Alimpeleka nyumba ya wageni, akamuuguza usiku ule. Kisha, angalieni mstari wa 35, siku ya pili alitoa dinari mbili, akampa mwenye nyumba, akamwagiza amtunze, akaahidi kulipa kitakachozidi atakaporudi. Akaondoka.

Bwana Yesu hamlaumu kwa kuondoka. Alikuwa na safari yake. Lakini hebu tuulize: nani alibadilisha vitambaa siku ya tatu? Nani alimnywesha mchuzi siku ya tano? Nani aliamka usiku homa ilipopanda? Ni mwenye nyumba ya wageni. Biblia haitaji jina lake, wala hatujawahi kusikia kanisa lililoitwa kwa heshima yake. Bila yeye, wema wa Msamaria ungekuwa wa usiku mmoja.

Daktari anayejitolea ni Msamaria. Ana tiketi ya kurudi, na si dhambi. Muuguzi wa zahanati, mhudumu wa afya anayepita nyumba kwa nyumba, mama, bibi, jirani na kanisa ndio wenye nyumba ya wageni. Daktari mwema ni yule anayeacha dinari mbili mikononi mwa wanaobaki, maana yake maarifa, vifaa na wauguzi waliofundishwa. Na jamii yenye hekima ni ile inayozipokea dinari hizo na kuzitumia, haikai tu mlangoni kutazama barabara.

4. MASHAHIDI WANNE

(a) Bangaon, mwaka 1971. Vita vya kuzaliwa kwa Bangladesh viliwakimbiza watu karibu milioni 10 kuingia India. Kipindupindu kikaingia makambini. Daktari wa watoto wa Kihindi, Dilip Mahalanabis, ambaye aliwahi kufanya kazi katika hospitali ya watoto ya London, alikwenda kuhudumu Bangaon, mji wa mpakani. Alikuta wagonjwa wamelala sakafuni katika matapishi, na maji ya mshipani yakamwishia. Akafanya jambo ambalo wakubwa wengi wa tiba walilitilia shaka: alichanganya glukosi, chumvi na magadi ya kuokea katika maji safi, akayajaza katika mapipa yenye bomba, akawaambia ndugu za wagonjwa wakinge kwa vikombe na kuwanywesha. Kabla yake walikuwa wakifa karibu 30 katika kila 100. Kwa waliotibiwa chini yake walikufa chini ya 4 katika kila 100. Daktari alikuwa mmoja. Mikono iliyoshika vikombe ilikuwa ya wakimbizi.

(b) Nebobongo, mashariki ya Kongo. Mwaka 1953 daktari Mwingereza Helen Roseveare alifika Kongo, na baadaye akajenga hospitali Nebobongo akifyatua matofali pamoja na wenyeji. Wengi wanajua ushuhuda wake wa usiku ule mama alipofariki akijifungua, akaacha mtoto njiti na binti mdogo. Hapakuwa na mashine ya kumpasha mtoto joto, na mpira wa mwisho wa maji ya moto ulipasuka. Msichana yatima aliomba mpira mwingine ufike siku hiyo hiyo, tena na mwanasesere kwa ajili ya yule dada wa mtoto. Jioni sanduku likafika kutoka Uingereza, lililotumwa miezi mitano nyuma, vyote viwili vikiwamo. Tunamshukuru Mungu kwa muujiza ule. Lakini Helen hakukaa akingoja masanduku. Alifundisha wauguzi Wakongo. Mwaka 1964 waasi walimkamata na kumtesa kwa miezi. Mwaka 1966 alirudi, akaendelea kufundisha huko Nyankunde mpaka 1973. Alifariki mwaka 2016. Maarifa aliyoyapanda yalibaki katika mikono ya Waafrika.

(c) Kibuye, katika mkoa wa Gitega. Katika hospitali hii ya Kanisa la Methodisti Huru, tangu mwaka 2013 walianza kufika madaktari wa Kimarekani pamoja na familia zao, akiwamo daktari wa watoto. Walifanya kazi pamoja na madaktari Warundi, na walifundisha wanafunzi wa udaktari wa Chuo Kikuu cha Hope Africa. Kila mwanafunzi Mrundi aliyesimama kando ya kitanda cha mtoto akajifunza, huyo ni dinari iliyoachwa mezani.

(d) Kigutu, juu ya vilima vya Rumonge. Huyu ni wa kwetu kabisa. Deogratias Niyizonkiza alikuwa mwanafunzi wa udaktari akifanya mazoezi hospitalini mwezi Oktoba 1993, mauaji yalipoanza. Alikimbia kwa miguu. Mwaka 1994 alifika New York akiwa na fedha kidogo, bila kujua Kiingereza, akapeleka vyakula vya duka kwa malipo madogo na kulala bustanini. Watu wema walimpokea, akasoma tena. Kisha akarudi kwao. Walipotaka kujenga kituo cha afya Kigutu, kampuni ya ujenzi ilidai makumi ya maelfu ya dola kwa ajili ya barabara tu. Mama mmoja mwenye mtoto mgongoni alikataa fedha hiyo ilipwe. Alisema wataichimba wenyewe. Kesho yake walikuja watu zaidi ya mia moja na majembe, sururu na mapanga. Mwezi Desemba 2007 kituo kilifunguliwa. Madaktari wa nje walikuja kujitolea pale, lakini walipita katika barabara iliyochimbwa na akina mama.

Wapendwa, mkimbizi aliyelala bustanini ndiye aliyerudi kuwa msaada. Msimdharau kijana wa kambini anayesoma kwa taa ya mafuta.

5. NAAMANI NA DAWA NDOGO

Katika 2 Wafalme 5 tunakutana na mtoto wa kike aliyetekwa vitani, akapelekwa nchi ya kigeni kuwa mtumishi. Kwa maneno yetu, ni mtoto aliyehamishwa kwa nguvu. Hakuwa na jina kubwa wala mamlaka, lakini ndiye aliyejua mahali pa uponyaji, akasema. Naamani alisafiri na fedha na mavazi mengi. Alitazamia mtu mkuu atoke, asimame mbele yake na kufanya jambo la kushangaza. Elisha hakutoka. Alimtuma mtu tu aseme: nenda ukaoge Yordani mara saba. Naamani akakasirika. Watumishi wake ndio waliomrudisha kwenye akili: kama angeagizwa jambo gumu, asingelifanya? Basi kwa nini aikatae dawa nyepesi?

Sisi nasi tunafanana na Naamani. Tunataka daktari mkuu atoke na kuweka mkono. Muuguzi anatupa pakiti ya unga wa kuchanganya na maji, tunaona ametudharau. Hebu tuziheshimu dawa ndogo, maana ndizo zinazookoa watoto wengi.

Kuhara. Mpe mtoto maji ya chumvi na sukari ya pakiti tangu choo cha kwanza cha maji. Pakiti ikikosekana, chukua lita 1 ya maji safi yaliyochemshwa na kupoa, vijiko vidogo vya chai 6 vya sukari vilivyosawazishwa, na nusu kijiko kidogo cha chumvi. Usizidishe chumvi. Baada ya kila choo, mtoto chini ya miaka 2 apewe robo hadi nusu ya kikombe kikubwa. Aliyezidi apewe nusu kikombe hadi kikombe kizima. Akitapika, ngoja dakika 10, uanze tena kidogo kidogo. Endelea kumnyonyesha na kumlisha. Uliza zahanati vidonge vya zinki: miligramu 20 kwa siku, au 10 kwa mtoto chini ya miezi 6, kwa siku 10 hadi 14, hata kama kuhara kumekoma. Choo kikiwa kama maji ya mchele, au macho yakididimia, usikae nyumbani. Nenda ukimnywesha njiani.

Mtoto njiti. Mwaka 1978 huko Bogotá, Colombia, hospitali ilipungukiwa na mashine za joto, na daktari Edgar Rey akaanza kuwaweka watoto njiti kifuani mwa mama zao, ngozi kwa ngozi. Utafiti uliotolewa mwaka 2021, uliofanyika katika nchi 5 ikiwamo Tanzania, ulionyesha kwamba watoto wenye uzito mdogo waliowekwa kifuani mara tu baada ya kuzaliwa walikufa wachache kuliko wale waliongoja kwanza. Kifua cha mama ni mpira wa maji ya moto usiopasuka. Na baba naye ana kifua. Mama akichoka, apokee.

Dalili za kukimbia nazo. Mtoto hawezi kunywa wala kunyonya, anatapika kila kitu, amepata degedege, amelegea au haamki, anapumua haraka au mbavu zinaingia ndani, kichanga ana homa au mwili wa baridi. Ukiona moja tu, nenda zahanati usiku huo huo. Usipitie kwanza kwa mkata kirimi. Kukata kirimi hakuponyi kikohozi wala kutapika. Kunaleta damu na vidonda, na kunakula saa ambazo mtoto hana. Na kama ulishampa dawa ya miti shamba, mwambie muuguzi bila aibu, ili ajue la kufanya.

Je, tuache kuomba? La hasha. Tuombe nyumbani, tuombe njiani, tuombe kwenye foleni. Elisha alikuwa mtu wa maombi, naye alimtuma Naamani mtoni.

6. TUMPOKEEJE MGENI?

Katika Matendo 14, watu wa Listra waliona kiwete amesimama, wakataka kuwatolea Paulo na Barnaba dhabihu kama miungu. Mitume walirarua mavazi yao kwa huzuni. Tusimfanye daktari mgeni kuwa mungu. Akishindwa, tutamgeukia kwa mawe, kama walivyomfanyia Paulo baadaye mahali pale pale.

Tumpokee kama ndugu. Tumweleze ukweli wa ugonjwa. Tusimdharau muuguzi wetu mbele yake, wala tusimfuate na maombi ya safari ya Ulaya wakati watoto wanamngoja. Vijana wanaojua Kifaransa au Kiingereza wajitolee kutafsiri, kwa uaminifu, bila kuongeza wala kupunguza, maana neno moja likigeuzwa dawa inageuka. Na mgeni naye, kama anasoma gazeti letu, tunamwomba kwa upendo: kabla ya kuondoka, mwache mtu anayejua ulichokijua wewe.

7. MTOTO ANAPOKUFA

Hatuwezi kulimaliza somo bila kulisema hili. Wako watoto waliowahishwa, wakaombewa, wakatibiwa vizuri, wakafa. Katika hospitali yenye uhaba daktari wa watoto huona vifo vingi kuliko alivyoviona kwao, na wengi hulia mahali pa siri.

Yohana 9 inaeleza kwamba wanafunzi walipotaka kujua ni dhambi ya nani, Yesu alikataa kuitupa juu ya wazazi. Basi na iwe mwiko katika kanisa letu kumwambia mama aliyefiwa kwamba imani yake ilikuwa ndogo, au kwamba jirani amemloga. Maneno hayo ni mawe juu ya kaburi bichi. Tukae naye, tumchotee maji, tumpikie, tulee wale waliobaki. Huo nao ni utumishi wa mwenye nyumba ya wageni.

8. TUFANYE NINI?

Kule kwetu tulikuwa na ingobyi, kile kitanda cha kubebea wagonjwa. Mtu akizidiwa usiku mlimani, wanaume walibeba mabegani, wakipokezana mpaka barabarani au kwenye mtumbwi wa kwenda Rumonge. Hakuna aliyeuliza malipo. Kesho ni zamu yako. Marko 2 inaonyesha watu wanne waliombeba mwenzao mpaka wakabomoa dari, na Yesu aliiona imani yao, yaani ya wabebaji.

Tunashauri kila kijiji cha makazi yetu kiwe na kundi la ingobyi: watu 8 wenye machela, tochi na namba ya simu ya zahanati, ili mama mwenye mtoto wa degedege asitembee gizani peke yake. Akina mama wa kila kundi la maombi waweke akiba ndogo ya sukari na chumvi. Na kila darasa la Jumapili lifundishwe kuchanganya maji yale, maana msichana wa nyumba ya Naamani alikuwa mtoto, lakini alijua la kusema.

MASWALI YA KUJADILI NYUMBANI

1. Katika Luka 10, mwenye nyumba ya wageni alipewa kazi gani? Ni nani anayeifanya kazi hiyo katika makazi yetu?
2. Kwa nini Naamani alikasirika? Ni dawa gani ndogo tunazozidharau?
3. Taja dalili za hatari tatu bila kutazama karatasi. Baba ajibu kwanza.
4. Mtoto akizidiwa usiku huu, nani atabeba, na mtapita njia gani?

TUOMBE

Ee Baba, wewe uliyemlinda Mwanao alipokuwa mtoto mkimbizi huko Misri, uwalinde watoto wetu. Uwabariki wanaotoka mbali kuwatibu, uwape macho ya kuona na moyo wa kujifunza. Uwatie nguvu wauguzi wetu wanaobaki wageni wakiondoka. Utufanye sisi kuwa wenye nyumba ya wageni, waaminifu kwa dinari mbili ulizotuachia, mpaka Bwana wetu atakaporudi. Amina.